Mtoto wa Tatu wa Mwalimu Nyamvula

Wazee wetu, shikamooni. Mchungaji na wazee wa kanisa, majirani wa Mtopanga na Mjambere, wenzake marehemu wa Idara ya Watoto, walimu, na nyote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, mimi ni Dama Nyale, binti wa Nyale Munga ambaye ni mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu kabla hatujaanza safari ya kwenda Mnyenzeni kumzika. Vijitabu mlivyopewa mlangoni nilivipiga chapa mimi mwenyewe, na katika ukurasa wa tatu mna kosa, tena si kosa la mashine, ni kosa langu na la ukoo wangu, kwa hivyo nawaomba kwa heshima mvifunge mnisikilize.

Marehemu Margaret Nyamvula Munga alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 kijijini Mnyenzeni, Kinango, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Munga Mramba na marehemu Bibi Dama, ambaye jina lake ndilo nililopewa mimi. Alizaliwa mvua ikinyesha, na jina lake kwa Kiduruma lasema hivyo, na Bibi alizoea kutuambia kwamba mvua ile ilikatika siku ya pili, ila mdomo wa Nyamvula haukukatika tena. Alisoma shule ya msingi pale pale kijijini kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na masomo ya sekondari Mariakani kuanzia 1980 hadi 1983, na mwaka 1985 alihitimu mafunzo ya ualimu wa chekechea hapa Mombasa.

Mnamo Januari 1986 alianza kufundisha chekechea katika ukumbi wa kanisa hili hili, na alifundisha hapa kwa miaka kumi na minane, hadi Desemba 2003, na wengi mliokaa kwenye hizi benchi leo mkiwa na vitambi na mvi mlijifunza kwake kushika kalamu. Alikuwa na mazoea ambayo baadhi yenu hamkuyapenda, kwamba mtoto akikosa darasani siku tatu mfululizo, yeye baada ya masomo hufunga mlango wa ukumbi na kuja kwenu kwa miguu, na akina mama walimtania, "Mwalimu, umekuja kumtafuta mtoto ama kukagua sufuria?" naye akijibu, "Vyote viwili, mwanangu, funua."

Mnamo tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na marehemu Garama Thoya, mfanyakazi wa bandarini, mtu mpole sana, aliyesema kila akipata wageni kwamba yeye ameoa mke mmoja na mafaili mia, na waliishi pamoja kwa upendo hapa Mtopanga hadi tarehe 3 Mei 2014, Mungu alipompenda zaidi.

Mafaili hayo yalianza Machi 2004, alipoteuliwa kuwa afisa wa watoto wa kujitolea katika eneo la Kisauni, kazi isiyo na mshahara na, msinicheke, isiyo na hata kiti cha ofisini, na mwaka ule ule wa kwanza alitenda kosa ambalo mwenyewe aliniomba lisifichwe siku yake ikifika. Mama Philister, aliyeketi pale nyuma na kitambaa cha bluu, ameniruhusu kulisema, tena ameniambia nilitaje jina lake. Mnamo Agosti 2004 marehemu alipata habari kwamba kuna watoto wawili Mjambere wanaoshinda peke yao, akaenda saa saba mchana, akakuta mlango wazi, watoto wako kitandani, jiko limepoa na sufuria ni kavu, akaandika katika ripoti yake maneno matatu, "hakuna chakula nyumbani", na kwa maneno yale matatu watoto wa Philister walichukuliwa wakapelekwa kwenye makao ya watoto. Philister alikuwa soko la Kongowea akiuza mboga kama kila siku, mchana watoto walikuwa wakila kwa jirani kwa makubaliano, na yeye mwenyewe aliwasha moto saa kumi na moja jioni, lakini hakuna aliyemuuliza. Alipokuja kulalamika, hakulia, alimwambia marehemu, "Mwalimu, jiko langu lina saa zake, wewe ulikuja na saa zako."

Ilichukua miezi kumi na minne kuwarudisha watoto wale, kwa sababu kumtoa mtoto ni kazi ya asubuhi moja na kumrudisha ni kazi ya mihuri, na waliporudi mdogo wao alikuwa amesahau lugha ya mamake na akimwita "anti". Shangazi yangu hakusema kwamba alifuata utaratibu, ingawa alikuwa ameufuata, hakusema kwamba nia yake ilikuwa njema, ingawa ilikuwa njema, alienda kwa Philister akakaa chini sakafuni na kusema, "Nimekukosea, nifundishe," na kila Agosti tangu mwaka ule alirudi kwenye nyumba ile, akapewa ugali na sukuma wiki, akala akamaliza.

Kutoka hapo kazi yake ilibadilika, na wanaosomea kazi hii siku hizi wakija kujifunza kwake walishangaa kwamba mambo makubwa wanayoyasoma kwa kurasa nyingi yeye aliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuandika neno juu ya nyumba kabla ya kuifikia mara tatu kwa saa tatu tofauti, na katika ukurasa wa kwanza wa kila faili aliandika yale ambayo familia inayafanya vizuri, hata kama ni jambo moja, hata kama ni kwamba baba mlevi hakosi kumsuka bintiye nywele kila Jumapili, kwa sababu, alisema, mahali pa kushika pakikosekana huwezi kumvuta mtu. Ndani ya kopo lile mlikuwa na vizibo vya soda, na mtoto aliombwa apange kizibo kimoja kwa kila mtu ambaye anaweza kuingia kwake akala bila kubembelezwa, na hao ndio aliowaita kikaoni, wawe ndugu, wawe majirani, awe muuza maji. Siri za nyumba za watu hakuzileta mezani kwake, nimekaa naye miaka na sijui hata leo faili lile lilikuwa la nani na hili la nani.

Na katika kikao chenyewe alikuwa na sheria moja, ambayo nawaomba mwishike kwa sababu nitairudia. Watu wote hukaa chini kwenye mkeka, mzee, chifu, afisa, yeye mwenyewe, na mtu mmoja tu huchaguliwa asimame, na huyo anayesimama husema kwa niaba ya mtoto peke yake, na mtoto mwenyewe huwa yuko pale pale akisikia. Akianza tu kusema habari za nyumba yake mwenyewe, kwamba kwangu ni padogo, kwamba mke wangu hatakubali, marehemu alikuwa akimkatiza, "Kaa chini, baba, asimame mwingine," na wazee wazima walikaa chini.

Mungu alimjalia marehemu watoto, na hapa ndipo penye ukurasa wa tatu. Kijitabu kinasema wawili, Clifford Thoya, aliyezaliwa 1992, fundi wa umeme Nakuru, na Winfred Garama, aliyezaliwa 1995, anayefanya kazi Nairobi. Ukweli ni watatu, na wa tatu anaitwa Quinter Oduor, ana miaka kumi na mmoja, yuko gredi ya tano, na ameketi mstari wa nne, nyuma yetu sisi tuliojipanga mbele kama jamaa. Yote ninayoyasema juu yake nimemwomba ruhusa, na kuna jambo moja alilonikataza, hilo silisemi.

Quinter aliletwa nyumbani kwa marehemu Juni 2019, akiwa na miaka mitano, mamake akiwa ameshafariki, na babake, Oduor, mpakiaji wa mizigo Changamwe, akiwa ameumia mgongo kazini hata kusimama hawezi, na ilikuwa iwe wiki mbili tu mpaka jamaa wapatikane. Marehemu aliwatafuta jamaa wale kwa barua na kwa simu, hata safari ya Siaya alifunga, hakupata mtu, lakini kila Jumamosi alimpeleka mtoto Changamwe akakae na babake, mpaka Oduor alipofariki Septemba 2021, kwa kuwa alisema mtu kushindwa kumlea mtoto hakumfanyi aache kuwa babake. Nasi jamaa tulisema nini? Tulisema, "Nyamvula sasa anabeba kazi mpaka nyumbani." Tulisema, "Huyo si damu yetu." Krismasi tulimnunulia zawadi yeye akiwa wa mwisho, na katika picha za ukoo yeye ndiye aliyepewa simu atupige.

Mnamo Februari 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani, akatibiwa hapa Mombasa kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na alipochoka na hospitali aliomba arudishwe nyumbani. Sisi tulikuwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo tukituma mikono ya kuomba. Quinter aliandika saa za dawa kwa chaki ukutani karibu na kitanda, akamkorogea uji kabla ya kwenda shule, akamsomea gazeti akitoka shule, naye marehemu, hata akiwa amelala chali hana nguvu, alimsahihisha matamshi. Alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, na aliyekuwa ameshika mkono wake ni Quinter, na aliyeitwa na Quinter kuja mbio ni Mama Philister kutoka Mjambere, si mmoja wetu, kwa sababu namba zetu hazikuwa zikipokewa.

Karatasi za malezi ziliandikwa jina la marehemu peke yake, kwa hivyo kifo chake kilimwacha Quinter bila mlezi mbele ya sheria, na Bwana Kimani, afisa wa watoto, alitueleza kwa upole kwamba Jumatatu tarehe 24, saa tatu asubuhi, ni lazima jina jipya liandikwe kwenye faili, ama la mtu, ama la makao ya watoto. Familia ilikaa Alhamisi tarehe 13, sebuleni kwa marehemu, kila mtu kwenye kiti chake. Baba Mkubwa Boga alisema, "Mtoto ana kwao, Waluo wamtafute mtoto wao." Winfred alisema anaishi chumba kimoja, Clifford kwenye simu alisema mtandao unakatika, nao, nawaambia, haukuwa ukikatika. Babangu alisema, "Dama ndiye msomi, Dama atueleze."

Nikasimama. Chuoni kwetu kwenye mdahalo anayesema husimama, na mimi sijui kusema nikiwa nimekaa. Nilitoa hoja tatu, kwamba mtoto anahitaji mahali pa kudumu, kwamba anahitaji watu waliosomea kazi hiyo, na kwamba yote haya ni kwa maslahi ya mtoto, maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia kwa shangazi yangu tangu nikiwa mdogo, nikayatoa mdomoni mwake akiwa mochari na kuyatumia kumfukuzia mtoto wake. Nilisema vizuri sana. Walinipigia makofi, Baba Mkubwa akaniita wakili, ikakubaliwa kwamba ni makao ya watoto, na mimi mwenyewe nikaambiwa niandike historia na kwenye watoto niweke wawili, kusiwe na maswali, nikaweka. Katikati ya makofi yale pazia la jikoni lilifunguka, akatoka Quinter na sinia, kwa maana sisi tulikuwa tukimjadili na yeye ndiye anayetupikia chai, akakusanya vikombe vya watu wote, akafika kwangu akaniuliza, "Dada Dama, nikuongezee?" Nikamwambia aniongezee. Nikanywa.

Jumanne tarehe 18 Bwana Kimani alikuja na faili, akaliomba lile kopo, akamwambia Quinter apange vizibo, na mimi nilikuwepo kwa sababu nilitaka kuhakikisha mambo yanakwenda tulivyokubaliana, naam, hivyo ndivyo nilivyokuwa. Quinter alishika kizibo cha kwanza akauliza kama mtu aliyekufa anahesabiwa, akaambiwa anahesabiwa, akakiweka cha shangazi. Cha pili akaweka cha Mama Philister. Cha tatu akakaa nacho mkononi, kisha akakiweka akasema, "Dada Dama." Bwana Kimani akamuuliza kwa nini Dada Dama, akajibu, "Siku ya kikao nilichungulia kwenye pazia. Wengine wote walikuwa wamekaa, yeye ndiye alisimama."

Hakusikia maneno, maji yalikuwa yakichemka na sufuria ilikuwa na kelele. Aliona tu. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ile, aliyehudhuria vikao vya marehemu akiwa amekaa mapajani mwake, aliona mtu mmoja amesimama na wengine wamekaa, akaona watu wanampigia makofi, akajua kwamba jambo lake limepata msemaji, na ndiyo sababu alinijia na chai mara mbili. Mimi nimeshinda midahalo mingi, nina vikombe vitatu chumbani kwangu, na sijui kama nitawahi kuvitazama tena. Sikuweza kumwambia ukweli siku ile. Nilimwambia kesho yake, Jumatano asubuhi, nikiwa nimekaa chini sakafuni karibu na miguu yake, maana sikujua njia nyingine ya kuomba msamaha isipokuwa ile aliyoitumia shangazi kwa Philister, na Quinter akaniuliza kama bado naweza kusimama, ama nimeshakatazwa.

Siku hiyo hiyo Mama Philister alifika na mfuko wa mboga, akasikia tulichokuwa tumeamua, na hakututukana, heri angetutukana. Alisema, "Mimi najua mtoto akienda huko anavyorudi. Chumba changu ni kimoja, lakini huyu atakaa kwangu." Bwana Kimani akamuuliza Quinter, kwa sababu desturi ya marehemu ni kwamba mtoto huulizwa, naye akasema anataka kwa Mama Philister, tena akatoa sababu, "Jiko lake nazijua saa zake." Kwa hivyo mwanamke ambaye ukoo wetu, kwa mkono wa mmoja wetu, ulimnyang'anya watoto, ndiye anayempa makao mtoto wetu, na sisi wenye nyumba za vyumba vinne, wenye mashamba Mnyenzeni, wenye wakili, tumebaki na vijitabu vya rangi. Nimewauliza wazee kama wana neno, Baba amesema tutaona baada ya mazishi. Basi baada ya mazishi ni Jumatatu, saa tatu, na mkeka utatandikwa. Jina langu nimeshaliandika kama jamaa yake, wa kumfuata likizo, wa kwenda shuleni akiitwa mzazi, wa kumpeleka Changamwe kwenye kaburi la babake, na atakayependa kuandika la pili chini ya langu, nafasi ipo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu shangazi yetu kwa miezi ile yote, mchungaji na akina mama wa kanisa waliokuja kuimba kando ya kitanda chake, wenzake wa Idara ya Watoto, Bwana Kimani kwa subira aliyotuvumilia nayo, majirani wa Mtopanga walioteka maji na kukesha na msiba, na Mama Philister, ambaye shukrani anazonidai kinywa changu hakizitoshi, kwa hivyo nainama tu. Namshukuru pia Quinter kwa chai. Ilikuwa tamu, na sikustahili.

Tukifika Mnyenzeni, kwenye ratiba imeandikwa kwamba watoto wa marehemu ndio watakaotangulia kutia udongo, na nimemwomba mchungaji, naye amekubali, aite majina matatu. Naomba atakapoitwa wa tatu tumpishe njia, sisi tulio mbele, tusimfanye apite akijibana kati yetu.

Shangazi, ungekuwepo Alhamisi ile ungeniambia mbele ya watu wote, "Kaa chini, mwanangu, asimame mwingine," na ningekaa. Leo nimesimama, na nimejitahidi nisiseme neno hata moja kwa ajili ya nyumba yangu. Lala salama, Mwalimu wetu. Quinter, inuka mama, uje mbele ukae na ndugu zako.